Kipupwe na mtoto wa mbwa: kitanda kikavu kwanza, choo cha nje baadaye

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Njombe, Makete, Mufindi na vilima vya Mbeya haina masihara. Huko Kitulo kuna asubuhi unazokuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Mtoto wa mbwa anayeletwa nyumbani katika miezi hii humletea mfugaji kazi mbili: kumkinga na baridi, na kumfundisha kujisaidia nje. Wengi huzitenganisha kazi hizi, na hapo ndipo wanapokwama. Mbwa mdogo aliyepigwa na baridi hatoki kwa hiari. Ukimtoa anajikunja mlangoni, anatetemeka, anarudi ndani kabla hajamaliza, kisha anamwaga mkojo nyuma ya mtungi wa maji. Mwenye nyumba anasema mbwa mkaidi, anachukua fimbo. Fimbo haiongezi joto. Anachojifunza mbwa ni kwamba kukojoa mbele ya binadamu ni hatari, hivyo kesho yake atatafuta uvungu wa kitanda.

Tuanze basi na joto.

Kama jike lako mwenyewe limezaa ndani ya kipupwe, jua kwamba kitoto cha siku chache hakiwezi hata kutetemeka. Joto la mwili wake wiki ya kwanza liko chini, kama nyuzi 35 hadi 37, na hukaribia lile la mbwa mkubwa, nyuzi 38 hadi 39, anapofikisha wiki nne. Anategemea tumbo la mama na miili ya wenzake. Mahali wanapolala panatakiwa pawe na nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, kisha papungue taratibu hadi karibu 24 kwenye wiki ya nne. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana juu ya mwenzao huku wanalia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja na kona yake, wamepata joto kupita kiasi. Wakilala ubavu kwa ubavu kimya, waache.

Kitoto kilichopoa kabisa, ukikigusa mdomo kikawa baridi na hakinyonyi, usikimiminie maziwa. Tumbo lake limeacha kusaga chakula, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kipashe joto kwanza, taratibu, ukikifunga kwa kitambaa kikavu na kukiweka kifuani mwako ndani ya koti. Kikianza kujinyonganyonga na kutafuta chuchu, ndipo ukirudishe kwa mama yake. Usikisogeze karibu na moto ili kuharakisha. Ngozi yake huungua upesi.

Kwa anayechukua mtoto wa mbwa kwa jirani, umri unaofaa ni wiki nane. Ukienda kuchagua, usiangalie rangi na masikio tu. Angalia na malalo ya mama. Hadi karibu wiki ya tatu mama huwalamba watoto ili wajisaidie, na uchafu anaula mwenyewe. Baada ya hapo watoto huanza kutoka wenyewe kwenye malalo kwenda kujisaidia pembeni, ilimradi malalo ni safi na kuna mahali pa kwenda. Waliokulia juu ya kinyesi chao wamezoea kulala nacho, na hao watakusumbua miezi.

Sanduku la kulalia ndilo linalofanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Liwe dogo: asimame, ageuke, alale amenyoosha miguu, basi. Sanduku dogo hushika joto la mwili wake, na kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua alipolala, hujizuia mpaka umtoe. Ukimpa sanduku la kutosha mbwa watatu, kona moja atalala na nyingine ataifanya choo. Kama unataka sanduku moja litakalomfaa hadi akue, weka ubao katikati na uusogeze kadiri anavyoongezeka.

Liinue kutoka sakafuni kwa matofali au vipande vya mbao, kwa sababu sakafu ya saruji na ile ya udongo zote hunyonya joto usiku kucha. Mlango uupe mgongo upepo, na utundike kipande cha gunia juu yake kiwe pazia. Ndani weka majani makavu au mabua ya ngano yaliyopondwa. Sehemu zenye viwanda vya mbao watu hutumia maranda, na ni mazuri, ila yawe yale makubwa ya randa na si unga wa msumeno, ambao humwingia puani na mapafuni. Na yasitoke kwenye nguzo zilizotiwa dawa. Nguzo za umeme na za uzio zenye rangi ya kijani kibichi hutiwa dawa ambayo mara nyingi ina aseniki. Mabaki yake hayafai kwa malalo ya mnyama yeyote, hata kuku. Blanketi kuukuu linafaa pia, lakini likilowa litoe mara moja. Blanketi lililolowa ni baya kuliko kulala bila kitu.

Usiku wa baridi kali jaza chupa ya plastiki maji ya moto (si yanayochemka), ifunge vizuri, izungushie soksi nene au fulana ya zamani, na uiweke upande mmoja wa sanduku. Abaki na upande mwingine wa kuikimbia akiona joto limezidi. Tofali lililopashwa jikoni na kufungwa kwenye gunia hufanya kazi hiyo hiyo.

Jiko la mkaa, hapana. Kila kipupwe kuna familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi. Inaua watu, na inaua mbwa. Chumba kilichofungwa hakilali jiko, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Najua lipo neno la wazee kwamba mbwa wa ulinzi akilala ndani anadekezwa, habweki. Mbwa wa miezi miwili halindi chochote. Mwache alale jikoni, stoo au barazani palipozibwa upepo mpaka afikishe miezi minne au mitano. Ukali wake hautapotea. Nyumba ambazo mbwa haingii kwa sababu za dini, baraza lenye sanduku zuri linatosha kabisa. Bandani kwa kuku ndipo nisipopashauri, ingawa kuna joto: viroboto wa kuku huhamia kwa mbwa, humng'ang'ania masikioni na kuzunguka macho.

Sasa choo.

Chagua kona moja ya uwanja, karibu kiasi kwamba utakubali kwenda saa kumi alfajiri na koti lako. Iwe ndani ya eneo lako, pasipopita mbwa wa mtaani, kwa kuwa kirusi cha parvo, kinachowaharisha damu watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na mtoto wako bado hajakamilisha chanjo. Iwe mbali na kisima, bustani ya mboga, malisho na mahali unapohifadhi nyasi za mifugo. Sisemi hivi kwa ajili ya usafi tu. Tegu mmoja anayekaa kwenye utumbo wa mbwa hutoa mayai kupitia kinyesi. Kondoo au mbuzi akiyala pamoja na majani, lava hupanda hadi kwenye ubongo na kutengeneza uvimbe wa maji. Mnyama anaanza kuzunguka upande mmoja, anainamisha kichwa, haoni. Ugonjwa huo wafugaji wanauita kizunguzungu, Wamaasai ormilo. Mbwa naye huambukizwa kwa kula vichwa vibichi vya wanyama hao. Kwa hiyo kinyesi kifukiwe, kichwa cha kondoo kichemshwe au kizikwe, na watoto wasichezee kona hiyo, maana minyoo ya mviringo ya mbwa huwapata na wao.

Mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Mbwa wa miezi miwili mchana hajizuii zaidi ya saa mbili hadi tatu, wa miezi mitatu huongeza kama saa moja. Akianza kunusanusa sakafu na kuzunguka, umechelewa kidogo, mbebe mbio. Nenda naye mwenyewe. Kumfungulia mlango na kubaki ndani unaota moto ndiyo sababu kubwa ya mbwa kurudi na mkojo tumboni. Simama kwenye kona ile ile, sema neno lile lile kila siku, "kojoa" linatosha, kisha nyamaza. Akimaliza, hapo hapo mpe kipande cha dagaa na umsifu. Ukisubiri mpaka mrudi jikoni, ataamini dagaa ni malipo ya kurudi jikoni.

Wakati wa ukungu na manyunyu, mfute miguu na tumbo kwa kitambaa kikavu kabla hajarudi kwenye sanduku. Nyasi zikiwa zimelowa sana, mwagia kona hiyo mchanga mkavu, asisite kuikanyaga. Siku zenye jua, mwongezee muda wa kuota jua barazani baada ya kumaliza. Anazoea kwamba nje kuna jambo zuri.

Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja, mbebe nje amalizie huko. Ukikuta tayari imelowa na yeye amelala, safisha unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo wa saa nzima iliyopita hakumfundishi kitu. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili harufu isimwite tena. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo: ikikutana na amonia hutoa moshi unaochoma macho na kifua.

Chakula nacho kina saa zake. Mpe mara tatu au nne kwa siku, cha mwisho saa mbili tatu kabla ya kulala, ili choo kikubwa kitoke ukiwa bado macho. Wakati wa baridi mwili wake unaunguza zaidi, na ugali mtupu haumtoshi. Changanya na dagaa, maini au mapafu yaliyochemshwa, na mafuta kidogo.

Kosa la mwisho linaunganisha viroboto na baridi. Watu humwogesha mtoto wa mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadhi zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, na mtoto wa mbwa ikimzidia hulegea, mapigo ya moyo hushuka na joto la mwili hushuka pia. Katika usiku wa Julai hiyo ni hukumu. Mafuta ya taa na oili chafu ni sumu vilevile. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, badilisha malalo kila wiki, nyunyizia sakafu ya vumbi maji ili funza wapungue, na dawa ya kupaka uipate kwa mtaalamu wa mifugo kulingana na umri na uzito. Usimwogeshe mwili mzima kipindi hiki. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinatosha.

Mtaalamu huyo huyo umwone kwa dawa ya minyoo, kila wiki mbili hadi afike wiki nane na baadaye kila mwezi hadi miezi sita, na kwa chanjo zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi mitatu. Mbwa aliyekuwa anatoka vizuri akaanza ghafla kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, au mkojo ukawa na damu, si mtukutu; ni mgonjwa, mpeleke. Vivyo hivyo aliyekuwa anatetemeka akaacha kutetemeka huku bado wa baridi na fizi zimepauka: mfunge kwa blanketi, mpake asali kidogo kwenye fizi, na usisubiri kuche.