Kuchagua chuo bila kufika: amini ratiba, si picha

Mimi nilichagua chuo kwa picha ya maktaba. Maktaba niliikuta kweli, ila kitivo changu kilikuwa kampasi nyingine, saa nzima kwa basi. Picha haikudanganya, mimi ndiye sikuuliza.

Hatua ya 1: Usajili. Tafuta mwenyewe tovuti ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi husika, usipitie kiungo ulichotumiwa na chuo. Kagua na kozi. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi yake ya uuguzi haitambuliwi na baraza la taaluma hiyo. Kwa chuo cha nchi nyingine, pekua pia WHED, hifadhidata ya vyuo vya elimu ya juu duniani ya Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu.

Hatua ya 2: Ratiba. Omba ya muhula unaoendelea, kisha isome polepole. Mhadhiri mmoja ana masomo matano? Mistari mingapi haina jina la mhadhiri kabisa? Vyumba viko kampasi ipi? Kama kipindi cha maabara kinaisha saa mbili usiku na hosteli ziko nje ya chuo, hilo ni swali la usalama na la nauli. Brosha imeandikwa kwa ajili yako. Ratiba imeandikwa kwa ajili ya wanaosoma pale, ndiyo maana naiamini zaidi.

Hatua ya 3: Tembea kwa simu. Picha za mitaa za Google Street View huonyesha mwezi na mwaka zilipopigwa, usiruke hapo. Halafu tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ukimwuliza kama chuo ni kizuri atasema ndiyo, basi yakaisha. Mwombe apige simu ya video akitoka hosteli hadi darasani. Nilipofanya hivyo na mdogo wangu, tuliona geti la nyuma limefungwa kwa mnyororo uliokwisha kuota kutu, na kijana wa watu akazunguka uwanja mzima.

Hatua ya 4: Ada. Dai mchanganuo wote kwa maandishi, pamoja na masharti ya kurudishiwa fedha. Akaunti ya mtu binafsi, usilipe.

MASWALI

Simjui mwanafunzi hata mmoja pale. Nitampataje?
Andikia serikali ya wanafunzi au chama cha wanafunzi wa kozi yako. Wale mabalozi wa chuo waache mwisho, wamefundishwa cha kusema.

Chuo nilichopenda hakimo WHED. Ni feki?
Si lazima. Vyuo vingi vya cheti na stashahada havimo. Mwenye neno la mwisho ni mamlaka ya nchi.

Nimeomba ratiba mara mbili, wananitumia brosha tu.
Hao ni watu wa udahili, ndugu yangu. Piga idarani. Ratiba huwa imebandikwa mlangoni. Mtu atoke tu aipige picha.