Nisba ya Shirazi: Jinsi ya Kufuatilia Asili Yake, Kuanzia Kauli za Wazee Hadi Kipimo cha DNA

Wengi wanaonitafuta kuhusu nasaba zao wamekwishatema mate kwenye kichupa, wamelipa, wamepokea asilimia zao, na sasa wanauliza mbona Uajemi (Iran), uliko mji wa Shiraz, haumo, au umo kiduchu, ilhali wao ni Washirazi baba na babu. Kazi imeanzwa mkiani. Usipojua nisba, yaani jina la asili au ukoo linalowekwa mwisho wa majina, iliingia lini katika familia, na kwa mlango upi, hujui hata umpime nani. Kwa hiyo katika mwongozo huu DNA inakuja karibu na mwisho. Nimechukua nisba ya Shirazi kwa kuwa imetapakaa pwani nzima hadi Ngazija, na kwa kuwa makaburi ya miji yake yamefanyiwa utafiti wa vinasaba. Mwenye nisba ya Mazrui, Nabhani au Mahdali anaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Andika jina lote, pamoja na sura zake zote

Pwani mtu huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake, na nisba huja mwisho ikiwapo. Wengi hawaitumii hadi siku ya kuozesha au kugawa mirathi. Karani wa kitambulisho akitaka majina matatu, nisba inabaki nje. Ndiyo maana utakuta ndugu wa tumbo moja: wa Unguja anaishia na jina la babu, aliyehamia Maskati anaandikwa Al-Shirazi, na aliye Uingereza amelifanya jina la babu kuwa jina la ukoo. Kwenye karatasi watatu hao hawana udugu wowote.

Basi orodhesha kila tahajia: Shirazi, Shirazy, Al-Shirazi, Ash-Shirazi, Mshirazi, na kwa hati za Kiarabu الشيرازي. Kando ya hiyo andika taifa (kabila la wenyeji) au mji ambao familia inajinasibisha nao. Mtu wa Mombasa anaweza kuwa Mkilindini au Mtangana na papo hapo akajiita Shirazi. Mtumbatu na Mhadimu vivyo hivyo. Hayo ni mambo mawili, usiyatie katika safu moja.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, na anza upande wa kuumeni na kukeni kwa pamoja

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo watu wanapopapita mbio.

Usianze kwa kuuliza, "Bibi, sisi ni Washirazi?" Atakujibu ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Uliza vitu vinavyoshikika. Babu alizikwa wapi, na nani mwingine kazikwa hapo? Shamba la mikarafuu au minazi lilikuwa la nani kabla yake? Msikiti gani familia ilikuwa na wakfu wake, na nani alikuwa msimamizi wa wakfu huo? Bibi aliolewa akaenda kwa mume, au mume ndiye aliyehamia nyumbani kwao? Hilo la mwisho lina uzito, maana katika miji mingi ya pwani nyumba ilikuwa ya mwanamke na mume ndiye mgeni aliyepokewa. Mgeni huja na nisba yake. Mji, nyumba na lugha ya watoto ni vya kina mama.

Wazee wahoji mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Ukiwakusanya sebuleni, ami mkubwa atasema na wengine wataitikia. Ami mkubwa akishakupa shajara yake (orodha ya nasaba) ya majina kumi na mbili mfululizo hadi kwa sultani, ipokee kwa adabu, iandike kama ilivyo, kisha mwulize dada yake nani alimwoa nani. Shajara za wanaume huruka vizazi. Wanawake hukumbuka harusi na hitima, na kwa hayo unaweza kuhesabu miaka.

Kuna mambo mawili ya kwenda nayo kwa hadhari. La kwanza, Zanzibar neno Shirazi limepita katika siasa. Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa mwaka 1957 kwa kuunganisha jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kuna familia zilizobadili wanavyojitaja, wengine kwa hofu, wengine kwa kupenda. Hata kabla ya hapo, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 waliojiandikisha Waswahili walipungua ghafla; watu hawakuhama wala kufa, walichagua jina jingine. La pili ni utumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922, na wako walioachwa huru wakaendelea kujinasibisha na ukoo wa waliokuwa mabwana zao. Bibi akinyamaza ukifika hapo, nawe nyamaza. Rudi siku nyingine kwa swali jingine.

Hatua ya 3: Tafuta karatasi kabla hujatafuta historia

Rudi nyuma kizazi kwa kizazi, usiruke. Karatasi zinazosaidia zaidi ni hati za wakfu, mirathi, mauzo ya mashamba na ndoa. Kwa Unguja na Pemba anza na Nyaraka za Taifa pale Kilimani; kwa Kenya, ofisi za kadhi, tume ya wakfu na majalada ya ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye viwanja na mashamba katika ukanda wa pwani walete madai yao, na madai hayo yana majina ya watu wa kawaida ambao hakuna kitabu cha historia kinachowataja.

Ukipata hati, usisome jina la mwenye mali peke yake. Soma mashahidi na mipaka. Hati ikisema shamba limepakana kusini na shamba la fulani bin fulani, huyo jirani mara nyingi ni binamu, na huenda yeye kaandikwa kwa nisba na babu yako hakuandikwa. Tazama pia nisba inapoanza kuonekana. Babu wa mwaka 1890 akiandikwa kwa jina la mji wake, na mwanawe wa mwaka 1935 akaandikwa Al-Shirazi, umeshapata jambo kubwa kuliko lolote utakaloletewa na maabara.

Hatua ya 4: Amua ni Ushirazi wa zama zipi

Watu huzungumza kana kwamba ni mmoja. Kwa uchache ni miwili.

Ule wa kale ni wa Kilwa na miji dada yake. Habari ya Kilwa tunayo kwa sura mbili: moja kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, na nyingine kwa Kiarabu, ambayo nakala yake imo katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Zote zinamtaja Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, lakini hazikubaliani juu ya safari yenyewe. Ya Kiarabu ina ndoto ya panya mwenye pua ya chuma anayetafuna ukuta, na majahazi saba, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizunguka pande zote. Ya Kireno inasema Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Mimi naipenda hiyo ya pili, kwani haijapakwa rangi sana. Vyovyote iwavyo, sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa kweli, Kilwa na Mtambwe Mkuu kule Pemba, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Ushirazi wa pili ni wa juzi. Katika karne ya 19 walikuja Zanzibar Waajemi halisi: Seyyid Said alioa binti wa kifalme wa Uajemi na kumjengea hamamu (nyumba ya kuogea) ya Kidichi, na hamamu ya mjini, Hamamni, ilijengwa na Haji Gulamhussein kwa amri ya Seyyid Barghash. Familia ya Mji Mkongwe yenye nisba hii, hasa ikiwa ina historia ya Ushia, ichunguze upande huu kwanza. Hapo hutafuti majahazi saba, unatafuta baba wa babu wa babu.

Hatua ya 5: Chagua wa kupimwa

Nisba hufuata mstari wa baba, na kitu pekee mwilini kinachofuata mstari huo ni kromosomu Y. Mwanamke hana. Kwa hiyo anayepimwa ni mwanamume wa mstari wa nisba: kaka, baba, ami, au mtoto wa kiume wa ami. Mtoto wa shangazi hafai, hata kama ndiye mwenye hamu kuliko wote.

Pima wawili, walio mbali. Ukimpima mtu na kaka yake umelipa mara mbili kwa jibu moja. Mpime mmoja wa tawi la Pemba na mwingine wa tawi lililoachana nalo vizazi vitano au sita nyuma. Kromosomu zao zikilingana, shajara imethibitika hadi kwa babu yao wa pamoja. Zisipolingana, kuna mahali mstari ulikatika: malezi, ndoa ya pili, au nisba iliyochukuliwa. Jambo hilo wajulishe wahusika kabla ya mate kutoka mdomoni, si baada ya majibu.

Pima pia DNA ya mitokondria ya mtu mmoja, ambayo hufuata mama wa mama wa mama. Tanzania Bara ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019. Zisome kabla ya kusafirisha sampuli za watu nje ya nchi.

Hatua ya 6: Soma majibu ukiwa na makaburi kando

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara, wengi wao wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya DNA kutoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake. Katika sehemu ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na iliyosalia ilihusiana na Uhindi. Mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 au karibu yake, damu ya Uarabuni ikazidi.

Kwa hiyo waliosema Ushirazi ni uzushi mtupu wa watu waliotaka ukubwa wamepata jibu, na waliosema wahenga wote walishuka jahazini wamepata jibu pia. Lakini makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wakubwa, karibu na misikiti. Hayasemi lolote juu ya babu yako hasa.

Majibu ya Y hupanga mistari ya baba katika makundi yenye majina ya herufi na namba. Kundi la E-M2 ni la kawaida kwa wasemaji wa Kibantu. J2 hupatikana sana Iran na nchi za jirani, J1 zaidi Uarabuni, R1a Iran na Bara Hindi. Lakini J1 na J2 zote zipo pande zote mbili za Ghuba, kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Tazama matawi ya chini na watu mnaolingana nao. Kwa mitokondria tarajia kundi la L, ambalo ni la Afrika.

Zile asilimia za mataifa zina mtego wake. Mwajemi mmoja wa vizazi kumi nyuma ni mmoja kati ya nafasi 1,024 za wahenga, na huenda asionekane kabisa. Lakini mji mzima ukiwa umechanganyika na watu wake wakioana wao kwa wao, kiwango hakipungui nusu kila kizazi, hubaki. Ndiyo sababu mtu wa leo anaweza kuwa na sehemu kubwa ya Asia na Y ya Kibantu, na jirani yake kinyume chake. Ndoa za binamu huleta kosa jingine: kampuni itakwambia mtu fulani ni binamu wa pili, kumbe ni wa nne, kwa kuwa mmekutana kwa njia tatu. Punguza ukaribu huo kabla hujampigia simu.

Hatua ya 7: Andika shajara yenye ngazi

Kila jina liwekee alama: limetoka kwa mzee, limo katika hati, au limethibitishwa na Y. Majina ya juu, yale yanayogusa Kilwa, yatabaki na alama ya mzee peke yake, na hakuna ubaya. Y ikikataa, usimfute mtu. Andika kwamba nisba inashikwa na familia tangu mwaka ule wa hati ya kwanza.

Faili ghafi la majibu lipakue siku hiyo hiyo na ulihifadhi mahali pawili. Kampuni ya kupima DNA ya 23andMe iliomba kinga ya kufilisika mwezi Machi 2025, na wateja wengi wakakimbilia kufuta data zao. Na katika shajara utakayowagawia jamaa, walio hai wabaki na majina tu, bila namba za vipimo.