Kujua umri na hali ya bunduki ya mitutu miwili uliyorithi

Huku Nachingwea na Masasi, kusini mwa Tanzania, bunduki hizi nyingi zilikuwa za kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Mzee akifariki, wajukuu huuliza: ni ya lini, na ina thamani gani? Juzi nilimsaidia mmoja wao, kituoni, mbele ya askari.

1. Anzia polisi. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haijui "ya babu".

2. Ikunje, hakikisha chemba zote mbili ni tupu, kisha itenganishe mitutu na kitako.

3. Soma alama chini ya mitutu, karibu na chemba. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu wanasoma jina lililochorwa juu. Jina hilo si ushahidi: viwanda vya Ubelgiji vilitengeneza bunduki nyingi zenye majina ya Kiingereza. Ushahidi ni mihuri ya majaribio, yaani alama zinazopigwa kwenye mitutu baada ya kujaribiwa kama ni imara. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za Liège, Ubelgiji. Zikiwa na taji juu, ni za kuanzia 1893. BP na BV chini ya taji ni za Birmingham, Uingereza, kuanzia 1904. Maneno NOT FOR BALL ni ya Uingereza, 1875 hadi 1887. Taji juu ya U ni Ujerumani. Ila muhuri unaonyesha kipindi cha majaribio tu, na mitutu iliyotengenezwa upya hupigwa mihuri mipya, kwa hiyo linganisha namba ya mitutu na ya bodi (sehemu ya chuma ambamo mitutu hufungwa). Kutu ikifunika, tumia mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Msasa marufuku! Ukifuta muhuri umefuta umri wake. Mulika tochi ya simu kwa ubavu, herufi zitajitokeza.

4. Tazama chuma. Mistari ya mawimbi kama ukili wa mkeka maana yake mitutu ni ya kusokotwa, ya zama za baruti nyeusi; risasi za dukani leo zinaweza kuipasua. Hata mitutu ya chuma kisicho na mistari, pima chemba: nyingi za zamani ni milimita 65, na risasi ya 70 huingia bila shida, kisha ganda likifunguka hukosa nafasi na shinikizo hupanda.

5. Ning'iniza mitutu kidoleni, igonge kwa kijiti. Ikilia kama kengele, sawa. Sauti ikiwa butu, utepe wa chuma unaounganisha mitutu umeachia.

6. Bei hupandishwa na mitutu ya asili, namba zinazolingana, na kitako kisichopakwa vanishi. Mnunuzi naye awe na leseni.