Kurekodi wazee waliovuka Ruvuma: watafute wawili, sio mmoja

Jamani watu wa Mtwara na Lindi, wazee waliokimbia vita ya ukombozi ya Msumbiji wanazidi kututoka na simu tunazo mkononi. Nimeshakaa na kadhaa, Kitaya na kule Rutamba walikopewa makazi wakimbizi, naandika ninavyofanya ili na wewe uende kwa wa kwenu.

Tafuta aliyevuka na aliyemvusha. Mwenye mtumbwi, mwanajeshi wetu aliyekuwa mpakani, hata mama aliyewapikia uji walipofika. Hili nimejifunza kwenye habari ya meli ya Marekani USS Kirk, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka Aprili 1975 helikopta zilizojaa familia zilikuwa zinatua juu yake, nafasi ikaisha, mabaharia wakawa wanazisukumia baharini ili nyingine itue, alafu ikaongozana na meli zaidi ya 30 za Vietnam Kusini kutoka kisiwa cha Con Son mpaka Subic Bay kule Ufilipino, watu kama 30,000 ndani. Kabla ya kuingia bandarini ilibidi washushe bendera yao wapandishe ya Marekani, maana Ufilipino ilishaitambua serikali mpya. Miaka mingi baadaye mabaharia na wakimbizi wale wakakutana tena wakasimuliana. Baharia anakumbuka njia, mkimbizi anakumbuka nani alibaki nyuma, ukirekodi mmoja tu umepata nusu.

Ukifika piga shikamoo, kaa mkekani, usitoe simu siku hiyo hiyo. Siku ya pili omba ruhusa, na hiyo ruhusa yenyewe irekodi. Zima laini isiite katikati, simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa karibu na mzungumzaji, na mvua ikianza kupiga bati simamisha kabisa, hutasikia kitu.

Mwaka usiuulize moja kwa moja. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, alikuwa hajauawa (hiyo ni Februari 1969), operesheni vijiji ilishapita? Vita ilianza Septemba 1964 na uhuru wao ni Juni 1975, humo katikati utapata pa kupaweka. Uliza na maji, mto ulikuwa umejaa au walikanyaga mchanga.

Alafu uliza walibeba nini. Bibi mmoja nilimuuliza safari ilikuaje akasema tulivuka tu, basi. Nikamuuliza ulibeba nini bibi, akaangalia mikono yake, akasema kinu alikiacha mlangoni, alibeba mtoto na titi lilikuwa mdomoni mwake toka wanaingia mtumbwini mpaka ng'ambo ili asilie. Mzee wa mtumbwi alikuwa amekaa pembeni, akasema kwa Kimakonde, kumbe ndo maana sikusikia mtoto usiku ule. Wakanyamaza wote wawili. Usijaze ukimya kama huo, na akihamia Kimakonde mwache aende nacho, tafsiri utafanya nyumbani.

Faili lipe jina la kijiji na tarehe, hifadhi sehemu mbili, na ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti. Nakala ya kwanza ni yake mwenyewe, mwekee kwenye memori kadi, zile redio ndogo za sokoni zinasoma, na umkalie pembeni akiisikiliza mara ya kwanza.