Kupata mwanasaikolojia wa kliniki mwenye leseni Nairobi

Jamani siku hizi kila mtu mtandaoni anajiita kocha wa akili, so kabla utume hata shilingi kwa Mpesa, muulize kwanza jina lake kamili na namba ya usajili wa Counsellors and Psychologists Board, hiyo ndio bodi iliyowekwa na sheria ya 2014. Halafu usiishie kwa cheti kilichobandikwa ukutani, wasiliana na bodi yenyewe uhakikishe leseni ni ya mwaka huu na jina ni lile lile. Akianza kuzungushazungusha maneno, tafuta mwingine.

Uliza pia amesomea nini, maana diploma ya ushauri nasaha ni kitu kizuri lakini sio sawa na masters ya saikolojia ya kliniki kama ile ya University of Nairobi, na kama unahitaji dawa, wa kuona ni saikayatristi, yaani daktari kabisa wa magonjwa ya akili.

Bei ulizia kwa simu: "Sesheni ni dakika ngapi, ni pesa ngapi, na mnachukua bima gani?" Usione haya, wengine wanapunguzia ukisema huwezi. Kama una bima, piga kwanza huko ujue kama wanalipia na kama wanataka barua ya daktari.

Na ukikaa naye mara mbili tatu uone hamuelewani, badilisha tu, ni haki yako. Lakini kama mtu anafikiria kujiua, msingoje apointimenti, mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo na asiachwe peke yake.