Kufuatilia nasaba ya mlowezi wa Kiingereza wa karne ya 17

Wanaoanza kazi hii hukimbilia Uingereza: jina likishafanana, babu kapatikana. Anzeni Marekani. Mfano wangu ni Elizabeth Tilley, aliyefika na meli ya Mayflower mwaka 1620.

1. Kusanya hati za huko alikohamia: wosia, mauzo ya ardhi, kesi. Nakili na majina ya mashahidi na majirani, yatakufaa baadaye.

2. Uliza kila dai limetoka kwa nani. Miaka mingi watu wa Plymouth, koloni walikofikia abiria wa Mayflower, waliamini kwamba Elizabeth, mke wa John Howland, ni binti wa gavana Carver. Hata jiwe la kaburi la mumewe lilichongwa hivyo. Mwaka 1856 ukachapishwa muswada wa William Bradford, aliyesafiri nao meli moja. Yeye anamtaja kuwa binti wa John Tilley. Jiwe lilichongwa karne ya 19. Bradford aliwaona kwa macho.

3. Sasa vuka bahari. Parokia za Uingereza ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Rejesta ikiwa imepotea, tafuta nakala zilizopelekwa kwa askofu kuanzia 1598. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure, ila usiishie kwenye faharasa. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, maana mwandiko wa enzi hizo huwachanganya hata wanaonakili.

Elizabeth alibatizwa Henlow, Bedfordshire, Agosti 1607. Tunajuaje si Elizabeth mwingine? Hapo ndipo majirani wanapokuja. Bradford anawataja melini Edward Tilley, mkewe, na kijana wa ukoo wao, Henry Samson. Rejesta ya Henlow ina ubatizo wa Edward na wa Henry pia. Mke wa Edward ni Agnes Cooper, na mama yake Henry ni Martha Cooper. Jina moja laweza kugongana. Kundi zima, tena lenye undugu uleule? Hapo mimi naridhika.

4. Angalia tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25. Howland alifariki Februari 23, 1672 kwa hesabu yao, kwetu ni 1673. Andika 1672/73.

5. Vitabu vya nasaba viweke mwisho. Gustave Anjou aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi, na baadhi bado zinanakiliwa kwenye miti ya ukoo mitandaoni.