Weusi kwenye ncha ya mzizi: kabla hujaandika "jipu"

Wanafunzi ninaowasimamia kliniki huniletea hii mara kwa mara: picha ya eksirei ya taya la chini yenye weusi kwenye ncha ya mzizi, na sauti ya ushindi. "Dokta, gego dogo la pili lina jipu!" Ukimwangalia mgonjwa, jino zima, halijatoboka, wala haliumi. Walichokiona ni forameni mentali, tundu la kawaida kabisa linalopitisha neva ya mdomo wa chini na kidevu.

Basi anza hivi. Kama ni filamu, ile nukta ndogo iliyovimba juu yake ikutazame wewe. Hapo ni kana kwamba mgonjwa amekaa mbele yako, kulia kwake ni kushoto kwako. Punguza mwanga wa chumba. Enameli, gamba la nje, nyeupe pee; dentini iliyo chini yake ya kijivu; kiini, sehemu laini ya ndani yenye neva, cheusi: hapo hakuna anayepotea.

Kazi iko kwenye mzizi. Shika penseli, usiiguse skrini, ufuate ule mstari mwembamba mweupe, lamina dura, yaani ukuta wa mfupa unaouzunguka mzizi, na uzi mweusi ulio kati yake na mzizi, yaani nafasi ya kano inayoshikilia jino kwenye mfupa. Shuka toka shingoni mwa jino, zunguka ncha, panda upande wa pili. Polepole! Vyote viwili vikizunguka ncha bila kukatika, na weusi ukawa umepita nyuma tu, hilo jipu lisahau kwanza. Mstari ukikatika, au uzi ukinenepa nchani, endelea kushuku.

Bado una wasiwasi? Lipime jino kwa baridi. Mimi huanza na baridi kwa sababu haina mionzi. Likiitikia kama majirani zake, kiini kina uhai, na jipu halielekei kuwepo. Ikibidi picha ya pili, sogeza kichwa cha mashine kidogo mbele au nyuma: forameni itahama, jipu litabaki limeng'ang'ania ncha.

Taya la juu lina mitego yake. Katikati ya meno mawili ya mbele kuna forameni insisivu, tundu jingine la kawaida, nayo hudanganya vilevile. Juu ya magego, weusi mpana wenye ukingo mwembamba mweupe ni sainasi, uwazi wa hewa ndani ya mfupa. Ile U nyeupe inayofunika mizizi ni mfupa wa shavu.

Kwa mtoto, soma umri kwanza. Gego la kudumu la kwanza huota karibu miaka 6, lakini mizizi yake hukamilika miaka 9 au 10. Kabla ya hapo, weusi wa mviringo chini ya mzizi ulio wazi ni jino linaloendelea kujijenga. Liache.